Watu 45, mvua na mbuzi mmoja: jibu kwa mkamwana wa Kiwira

SWALI: Shikamoo mama. Nimeolewa hapa Kiwira, Rungwe, mwaka wa nne sasa. Krismasi zote ukoo ulikuwa ukikutana kwa mama mkwe, lakini alifariki mwezi wa nne, na wazee wameamua mwaka huu tukutane kwetu. Nimehesabu watu 45, kati yao watoto 17. Mawifi na familia zao watatoka Dar na Mbeya mjini. Watafika jioni ya tarehe 23 na kuondoka asubuhi ya tarehe 27. Baba wadogo wanataka mbuzi na nguruwe pia. Majirani nao walizoea kuja kula kwa mama. Tumeweka laki saba, lakini humo humo kuna mbolea ya kukuzia mahindi na sare za mtoto anayeanza darasa la kwanza Januari. Sisi ni Wamoravian. Nifanyeje nisiaibike?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kufiwa. Pole naitanguliza kwa sababu naona sehemu kubwa ya hofu yako inatoka hapo: unaogopa kulinganishwa na mama ambaye watu bado wanamlilia. Watakulinganisha, hilo halizuiliki. Lakini muulize mume wako Krismasi za utoto wake nani alimenya ndizi, nani alichota maji, nani alikesha na supu. Utasikia majina mengi. Mama mkwe wako hakulisha ukoo kwa mikono miwili, na wewe usijaribu.

Nilifundisha maarifa ya nyumbani miaka 26, na majiko ya usharika nimeyasimamia kwa muda mrefu kuliko huo: harusi, vipaimara, Krismasi. Nilichokiona mwaka hadi mwaka ni kwamba fedha ya Krismasi haimalizwi na chakula cha tarehe 25. Inamalizwa na chai. Inamalizwa na mikate ya dukani ya asubuhi nne, sukari, soda za kila anayepita, na nyama ya siku ambazo hata si sikukuu. Hebu hesabu nami. Wageni wanafika jioni ya tarehe 23 na kuondoka asubuhi ya 27. Hapo kuna chakula cha jioni mara 4, cha mchana mara 3, na asubuhi mara 4. Jumla mara 11. Sikukuu ni mara moja tu kati ya hizo. Mwenye kuandaa mara zote 11 kama sikukuu anaingia Januari akiwa na deni.

Kwa hiyo kabla ya kununua hata kitunguu, toa fedha ya mbolea na ya sare. Usizifungie kwenye bahasha. Nunua kabisa, kabla ya tarehe 15. Mahindi mliyopanda Novemba yatakuwa yanafika magotini wageni wakiwa bado ndani, na mbolea ya kukuzia ikichelewa huipati tena kwenye mavuno. Mfuko ulioshonwa, uliowekwa pakavu chumbani, hakuna mgeni atakayekuomba. Fedha iliyo mkononi utaombwa, nawe utaona haya kukataa.

Sasa ile milo 10 mingine. Asubuhi pika viazi, magimbi au ndizi za kuchemsha, pamoja na chai ya rangi au uji. Unakaa Rungwe, mwanangu. Vitu hivyo viko shambani kwenu au kwa jirani, na watoto wa Dar watavifurahia kuliko mkate uliotoka mjini kwao huko huko. Chai ya maziwa iwe ya asubuhi ya tarehe 25 peke yake, waione tofauti. Jioni ya 23, watu wakiwa wamechoka na barabara, dagaa wa Ziwa Nyasa na ugali vinatosha. Mchana wa 24 ni kande, na sufuria moja kubwa inamaliza kazi. Jioni hiyo ni maharage na wali kidogo. Kilo moja ya maharage makavu inashibisha watu kumi hadi kumi na wawili, kwa hiyo loweka kilo nne tangu asubuhi, yaive haraka na kuni zipungue.

Kuni nazo zinataka neno. Eneo la Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Desemba mvua imeshashika. Kuni zilizokatwa wiki ya Krismasi zitakutoa machozi na chakula kitachelewa saa nzima. Zikusanywe sasa hivi, zipasuliwe, zipangwe darini au chini ya paa la banda. Tafuta pia turubai la kuazima, moja la jiko na moja la walaji. La jiko ndilo muhimu zaidi. Watu wanaweza kulia sebuleni kwa zamu, lakini moto hauwezi kusubiri mvua ikatike.

Nije kwenye nyama, maana hapo baba wadogo watakubana. Mbuzi mwenye kilo 28 akiwa hai anatoa kama kilo 13 za nyama na mifupa yake. Gawa kwa watu 55, yaani ukoo wako na wachache nitakaowataja chini, na kila mmoja anapata karibu robo kilo. Ikipikwa na ndizi, mchuzi ukiwa mzito, hakuna atakayetoka analalamika. Mbuzi mmoja anatosha. Nguruwe mwaka huu mwache.

Siyo kwa sababu ya gharama tu. Mikoa yetu ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe ni kati ya maeneo ambako watafiti wamemkuta tegu wa nguruwe kwa miaka mingi, na Krismasi ndipo nguruwe wanachinjwa uani usiku usiku bila mtu wa kukagua. Nyama yenye ugonjwa huo ina vifuko vyeupe vyenye maji, vingine kama punje ya mchele, vingine kama harage dogo. Anayeila ikiwa haijaiva vizuri anapata tegu tumboni. Ubaya haukomi hapo. Mwenye tegu hutoa mayai yake chooni, na mikono isiyonawiwa huyapeleka kwenye chakula cha wengine. Yai hilo likimezwa, vifuko vinaweza kuota hata kwenye ubongo, na hapo ndipo kifafa kinapoanzia kwa mtu mzima ambaye hakuwahi kukiugua, hata kama maisha yake yote hakuonja nguruwe. Watu wetu wengi wamehangaishwa kwa waganga kwa ajili ya kifafa cha namna hii, na inaniuma kila ninapokisikia, kwa sababu ni ugonjwa unaozuilika.

Kama baba mdogo atashikilia, asije na nguruwe aliye hai. Alete nyama iliyokaguliwa na kugongwa muhuri, na ipikwe mpaka katikati pasiwe na wekundu. Na mifupa na masalia asirushiwe nguruwe wa jirani, yafukiwe. Homa ya nguruwe ya Afrika haimdhuru binadamu, lakini husafiri kwenye masalia kama hayo, haina tiba, na inaweza kusafisha mabanda ya kijiji kizima. Maneno haya yote ayaseme mume wako kwa baba zake. Wewe mkamwana usiyabebe.

Mbuzi achinjwe alfajiri ya tarehe 25, saa kumi na moja, siyo jioni ya 24. Usiku wa huko una ubaridi, kweli, lakini siyo ubaridi wa friji, na nyama mbichi iliyolala imetundikwa jikoni penye watu wanaopishana hainipi amani. Mwombeni mapema afisa mifugo wa kata aje kuiangalia. Utumbo usafishwe mara moja, uchemshwe, uwe kitoweo cha jioni. Kichwa na miguu vichemke polepole usiku kucha, supu iamkiwe tarehe 26 na magimbi. Kwa njia hiyo mbuzi mmoja amekulishia mara tatu.

Labda utauliza nani atachinja na kupika wakati wengine wako ibadani. Gawanyeni ibada. Watakaokwenda mkesha wa tarehe 24 ndio watakaobaki jikoni asubuhi ya 25, na waliolala mapema ndio watakaokwenda kanisani asubuhi na watoto. Hakuna anayekosa ibada, na hakuna sufuria inayobaki na mtoto wa miaka tisa.

Kuhusu wali nina msimamo wangu, na wenzangu wengi wa jikoni hawaupendi. Ukiwa na mchele wa Kyela, usipike pilau. Mchele ule umebeba harufu yake, na ukiufunika kwa bizari, karafuu na mdalasini umelipia kitu ambacho hutakionja. Pika wali mweupe, chumvi na mafuta kidogo, na kazi ya viungo iachie nyama. Kilo moja inatosha watu wanane ikiwa wali ndio chakula chenyewe. Kwa kuwa kutakuwa na ndizi pia, kilo tano zitatosha, pamoja na mkungu mmoja mkubwa uliokomaa vizuri. Mchele wa Desemba umeshakaa miezi tangu kuvunwa, umekauka, unakunywa maji zaidi. Jaribu kikombe kimoja siku moja kabla.

Na wali upikwe mwisho. Nalisema hili kwa uchungu. Mwaka mmoja, nikiwa na umri kama wako, nilipika wali wa sikukuu saa mbili asubuhi ili niwahi kanisani. Nikaufunika kwa majani ya mgomba na kanga, tukaula saa tisa ukiwa vuguvugu. Jioni watoto wanne wa kaka yangu walitapika mpaka macho yakaingia ndani, nikalala nao zahanati usiku wa Krismasi. Baadaye nilijifunza kwamba kwenye mchele kuna vijidudu ambavyo mbegu zake haziuawi na kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu vinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo hata ukipasha moto haiondoki. Tangu siku ile kanuni yangu ni moja: chakula kilichoiva kikae juu ya makaa mpaka kinapakuliwa, la sivyo kiliwe ndani ya saa mbili. Wali uliobaki mezani hadi jioni usiwape watoto kesho yake.

Maji ya kunawa nayo yawe tayari kabla ya sahani. Kwa watu 45 choo kimoja kitatumika mchana kutwa. Kabla ya tarehe 23 vijana wafunge vibuyu chirizi viwili, kimoja nje ya choo na kimoja karibu na jiko: dumu dogo lenye tundu, kamba na kijiti cha kukanyaga, na sabuni iliyotobolewa ikaning'inia pembeni. Ni kazi ya nusu saa.

Sasa majirani. Hapa ndipo swali lako liliponigusa, kwa sababu wengi wenye bajeti kama yako huamua kufunga geti. Usifunge. Lakini pia huwezi kuwapikia wote wali na nyama. Ninyi ni Wamoravian, na kanisa lenu lina desturi inayolijibu swali hili vizuri kuliko mimi: karamu ya upendo. Ilianza tarehe 13 Agosti 1727 huko Herrnhut, Ujerumani. Baada ya ibada ya meza ya Bwana watu walibaki wakizungumza hawataki kuachana, Zinzendorf, kabaila mwenye ardhi ile na kiongozi wao, akawapelekea chakula kutoka nyumbani kwake wale pamoja, kidogo, bila makuu. Desturi hiyo ikaendelea kwa mkate na chai au kahawa tu. Wamisionari wa kanisa hilo walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na mazoea hayo. Karamu ya upendo haijawahi kupimwa kwa nyama.

Ndivyo ufanye. Tarehe 25 saa kumi jioni, ukoo ukiwa umeshakula, waalike majirani kwa chai na maandazi. Unga wa ngano kilo nne unatoa maandazi madogo mia moja na zaidi. Waimbe, watoto waonyeshe igizo lao, mtu aombe, watu wakae. Majirani walizoea kula chakula cha mama, kwa hiyo wasishtukizwe siku yenyewe. Mweleze mzee wa kanisa au jumuiya yenu mapema kwamba mwaka huu, kwa sababu ya msiba, mnakutana jioni kwa chai. Hakuna atakayeona ubaya. Anayesononeka ni yule anayefika saa nane na kukuta mlango umerudishwa.

Isipokuwa wachache. Bibi anayeishi peke yake, mjane mwenye wadogo, mgonjwa asiyetoka kitandani. Watafute wako wangapi kwenye kitongoji chenu. Huenda ni sita, huenda ni kumi. Sahani zao zipakuliwe kwanza, kabla ya za wazee wa ukoo, na watoto wenu wazipeleke zikiwa za moto zimefunikwa. Hao ndio niliowaongeza kwenye hesabu ya 55. Watoto wa Dar waende pia, wavue viatu mlangoni, waamkie. Wengi wao hawamjui jirani wa bibi yao hata mmoja.

Vinywaji nisikae navyo sana. Acha soda. Togwa ndoo ya lita 20 inatosha wote. Pika uji mwepesi wa kilo mbili za unga wa mahindi mchana wa tarehe 24, uache upoe mpaka kidole kivumilie, ndipo ukoroge nusu kilo ya unga wa kimea cha ulezi. Ukitia kimea uji ukiwa wa moto sana kinakufa, na uji hautalainika wala kupata utamu. Funika, na kesho mchana ni tayari. Wanaume wakitaka pombe wataitafuta wenyewe, na isinunuliwe kwa fedha ya jiko.

Mapambo wape watoto, na wakubwa wasiingilie. Nyota ile yenye miale mingi inayotundikwa makanisani mwenu ilianza kwenye shule ya Wamoravian huko Ujerumani karne ya 19 kama zoezi la hesabu za maumbo. Iliyozoeleka ina miale 25, na nafasi ya 26 ni ya kuingizia taa. Wakubwa kidogo wajaribu kwa maboksi na gundi ya unga, wadogo watoshe na ya pembe tano. Siku ya mvua inapita bila kelele ndani.

Jambo moja la kulala, na hili usimwonee haya mtu yeyote. Wageni wa Dar watasikia baridi na watataka jiko la mkaa liingizwe chumbani. Kataa. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu hawaamki. Kila mwaka kwenye nyanda zetu za juu tunasikia habari hizo. Waambie waje na masweta na mablanketi, na jiko libaki nje hata kama limebaki majivu mekundu tu.

Kuhusu heshima: kama mnashika ule mwiko wa Kinyakyusa wa mkamwana kutokutana uso kwa uso na baba mkwe, basi panga jiko na meza ya wazee vitenganishwe na nyumba, na chakula chao kipelekwe na kijana mmoja aliyeteuliwa. Usipopanga mapema utajikuta unajificha nyuma ya mgomba siku nzima huku sufuria zinaungua.

Na mawifi. Umeniandikia kana kwamba ni wakaguzi wanaokuja. Mimi naona ni watoto waliofiwa na mama yao, na hii ni Krismasi ya kwanza watakayofika na mama asitoke jikoni kuwalaki. Kukaa kwenye kiti wakihudumiwa kutawaumiza kuliko kufanya kazi. Mchana wa tarehe 24 waende wote kaburini, walisafishe, wapande maua, wakae huko wanavyotaka. Wewe usiwasindikize ila wakuite. Wifi mdogo ashike maandazi na karamu ya jioni. Michango nayo iombwe kwa vitu, siyo fedha: anayetoka Dar alete mafuta ya kupikia na sukari, wa Mbeya mjini alete unga wa ngano na majani ya chai. Kitu alichokibeba mtu mwenyewe kwenye basi hakiletei mtu maneno.

Wifi mkubwa mpigie simu leo, kabla hujafanya lolote katika haya. Usimwulize kama atasaidia. Mwambie sufuria kubwa ya mama umeisugua na kuihifadhi, na mbalaga, zile ndizi za tarehe 25, hujui mama alikuwa anaiungaje, kwa hiyo unamsubiri yeye.